Mstari wa Buluu Katika Zulia la Zewar

Kila Muharram ikiingia, Khadim hapati shida ya mahali pa kukaa katika imambara, ukumbi wa maombolezo wa Mashia. Hupishwa. Wazee husogeza magoti, vijana huinuka, naye huketi mbele pale karibu na mimbari, akasubiri aombwe. Huombwa, bila shaka. Mtaa wa Wahazara wa Quetta, Pakistan, wengi wao wakimbizi wa Afghanistan, una wafu wengi na mashujaa wachache, na shujaa aliye hai ni kitu cha kutunza.

"Waliposimamisha basi, jamani, mimi sikungoja kuitwa," ndivyo aanzavyo. "Nilitokea dirishani! Yule wa kwanza akaninyooshea bunduki, nikaukamata mtutu, wa moto hivyo hivyo! Tazameni!"

Hapo huinua mkono wa kulia. Chini ya kidole gumba kuna kovu lililopinda mfano wa mwezi mchanga. Watoto husukumwa mbele waubusu mkono huo, na nyuma ya pazia wanawake hulia kwa kwikwi.

Zewar hakuwa akilia. Zewar, mjane wa Ewaz, kaka yake Khadim, alikuwa akitafuna pindo la mtandio wake, na amelitafuna miaka kumi na moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiye yeye. Alikuwamo ndani ya basi lile. Alijua kovu lile limetoka wapi. Lakini Ewaz, dakika zake za mwisho, alimwambia, "Usimwambie mtu, Zewar. Kijana hajaoa bado." Naye akaapa kwa jina la Abbas, shujaa wa Karbala, na kwao mtu haapi kwa Abbas halafu akabadili maneno.

Basi kijana akaoa. Akaoa, akafungua duka la vitambaa, akanenepa, na kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyesalia katika ukoo, akawa mlezi wa Zewar na wa binti yake, Nekbakht. Na siku moja aliingia uani kwa Zewar bila hodi, akasema Nekbakht ataposwa na Haji Safdar, mwenye machimbo ya makaa ya mawe. Sinia la peremende lingeletwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Peremende zikishaliwa mbele ya wazee, binti si wako tena.

"Shemeji, mtoto hajatimiza kumi na saba," Zewar alisema. "Na huyo Haji ana wajukuu wenye ndevu."

"Nani kakuuliza?"

"Mimi ndiye mama yake."

"Na mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Siku ile nani alipigana? Wewe?"

Zewar alifungua kinywa, akakifunga. Khadim aliliona lile la kufungua, na nadhani ndilo lililomtia wazimu, maana hakuna mtu anayemchukia mwenzake kama anayemwogopa kwa siri. Kofi la kwanza lilimwangusha juu ya birika la chai, maji ya moto yakammwagikia pajani. Alipojaribu kuinuka, Khadim akavua mkanda. Alimpiga mgongoni, akampiga kichwani kwa upande wa kifungo cha chuma, na Nekbakht alipojirusha katikati naye akapata yake. Majirani walisikia. Majirani siku zote husikia! Wazee wa mtaa ndio wenye uwezo wa kumvua mtu ulezi, lakini hebu niambie, nani atamvua ulezi shujaa wa basi la Kandahar?

Zewar alikuwa akijifunza kutengeneza filamu siku hizo. Usicheke. Juu ya duka la mikate palikuwa na chumba, na humo binti mmoja wa Quetta aitwaye Sabira, ambaye baba yake alikufa kwenye mlipuko wa sokoni, alikusanya wanawake waliokimbia kutoka Jaghori na Behsud na Daikundi huko Afghanistan, wengi wao hawajui kusoma. Kila mmoja alikuwa atengeneze filamu yake ya dakika tatu kwa simu. Sauti yake mwenyewe, picha alizopiga mwenyewe, na kitu kimoja alichotoka nacho kwao.

"Wengine wamesimulia habari zenu vya kutosha," Sabira alipenda kusema. "Waandishi, wanasiasa, waume zenu. Sasa semeni wenyewe. Na filamu ni ya mwenyewe. Haitoki ndani ya simu hata mara moja mpaka mwenyewe aseme itoke."

Mmoja alileta ufunguo wa nyumba iliyochomwa. Mwingine alileta jiwe la ukuta wa baba yake. Zewar alileta chanio la chuma la kupigia mafundo ya zulia, zito kama nyundo.

"Hili lina hadithi gani, mama?"

"Linachana."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Lakini alipoketi mbele ya simu peke yake, mara tatu, siku tatu, simu ilinasa dakika tatu za mtu anayepumua. Sabira akamwambia, "Mama, ukiwa kwenye zulia unawaitia wafumaji rangi mpaka mtaa wa pili wanakusikia. Hapa umeingiwa na nini?"

"Niliapa sitamwambia mtu."

Jioni Nekbakht, aliyeyasikia hayo na ambaye bado alikuwa na jicho lililovimba, alimrukia mama yake kwa maneno. "Ulimwapia nani? Baba? Baba angependa nilale na Haji Safdar?"

"Nyamaza."

"Umenyamaza wewe ikatosha! Usimwambie mtu, sawa, usimwambie. Ita. Kwani zulia ni mtu?"

Zewar alimtazama binti yake. Alimwogopa kidogo, na alimpenda mpaka kifua kikamuuma.

Asubuhi yake zulia walilokuwa wakimfumia mfanyabiashara mmoja, nyumbani kwa Zewar, lilikuwa limefika pindo la juu, lile la maua mekundu. Wafumaji walikuwa watatu: jirani yake Bakhtawar, mjane kama yeye na mwenye mdomo usiolala, na mabinti wawili wa Bakhtawar. Wao hukaa ubaoni mbele ya nyuzi, Zewar hukaa nyuma yao na mchoro wote kichwani, akaita rangi kwa sauti ya kuimba. Mikono ya mfumaji haiulizi. Mwitaji akisema nyekundu, imeshafunga nyekundu kabla kichwa hakijajua, na wao huitikia kwa pamoja ili aendelee. Nekbakht aliisimamisha simu ndani ya kikapu cha sufu, akaibonyeza.

"Nyekundu tatu!" Zewar aliita.

"Tumefunga!"

"Nyeusi moja!"

"Tumefunga!"

Akafumba macho. "Rangi ya mchanga ishirini, barabara ya Kandahar!"

"Tumefunga!"

"Nyeupe nne, gari lao limekata njia! Nyeusi sita, wamepanda basi, wanatazama macho, wanatazama pua!"

"Tumefunga!" Bakhtawar alikuwa ameshaacha kutabasamu, lakini vidole vilikwenda.

"Kijivu tisa! Wanaume tisa wa kwetu wanashushwa kwa vitako vya bunduki, mmoja jino limemtoka, analitema! Buluu mbili! Burka yangu na burka ya marehemu mama mkwe. Buluu moja nimevaa mimi!"

"Tumefunga!"

Zewar akatia pindo la mtandio mdomoni.

"Buluu ya pili, ita!" alisema Bakhtawar. "Mikono inangoja!"

"Buluu ya pili kavaa Khadim!"

"Tumefunga," wakasema, kwa mazoea tu, na mikono yao ikafunga.

Ikatoka yote sasa, mstari kwa mstari. Kwamba mlima ulipoonekana na gari likaonekana chini yake, Ewaz alimvisha mdogo wake burka ya mama yao kwa mikono yake, akamkalisha karibu na Zewar. Ewaz mwenyewe wakamkuta, wakamchukua awe wa kumi. Kwamba alipopita aliinama, akaubusu mkono wa yule "mama", akamnong'oneza Zewar lile neno, akapigwa kitako cha bunduki kisogoni kwa kuchelewa. Wanaume kumi walipigishwa magoti kwenye changarawe, mgongo kwa basi.

"Nyekundu moja!" Zewar aliita, na sauti yake ilikwaruza. "Nyekundu mbili! Tatu! Nyekundu nne!" Aliita nyekundu kumi na nne kwa wanaume kumi, kwa sababu wanne walipigwa mara mbili. Ewaz alikuwa mmoja wa hao wanne. Alikuwa akijikokota kwa viwiko kurudi kwenye basi, na wakamwacha ajikokote kwanza, wanacheka, ndipo wakamaliza.

"Nyeupe nane, meno! Khadim ameuma mkono wake ndani ya burka, damu inashuka kwenye kitambaa! Buluu, nyekundu, buluu, nyekundu! Wenye bunduki wameondoka. Wanawake tumeshuka. Tumewapakia sisi, kichwa na miguu, kwenye njia ya katikati ya viti. Ewaz nimembeba kichwa mimi. Miguu kaibeba aliyevaa buluu, na hakuivua mpaka mpakani!"

"Tumefunga."

Mstari mmoja ulikuwa umebaki. Akaumeza. "Kateni uzi," alisema, kama mwitaji asemavyo safu inapokwisha.

Hakuna aliyekata. Mabinti walikuwa wakilia. Bakhtawar alikuwa akitazama nyuzi kwa macho makubwa.

"Mama Nekbakht, hebu njoo uone tulichofanya."

Katikati ya pindo la maua mekundu palikuwa na mchanga, pamepita weupe na weusi, na mwisho wake limekaa donge la buluu lenye madoadoa. Zulia la mfanyabiashara wa watu limeharibika kabisa. Kufumua ilikuwa kazi ya siku mbili.

"Mwanangu mwaka jana aliubusu mkono ule," Bakhtawar alisema taratibu. Kisha akapandwa. "Nilimsukuma mimi! Nikamwambia busu, upate baraka! Baraka ya mbwa!" Akatema mate sakafuni, akafuta kwa kiatu. "Mimi sifumui hapa. Nyinyi mnafumua?"

"Hatufumui," walisema mabinti.

Sasa kosa lilifanywa na Nekbakht, na namsamehe, alikuwa na furaha. Alhamisi mchana, siku moja kabla ya peremende, alikaa uani kusikiliza sauti ya mama yake ndani ya simu. Alirudia, akarudia. Hakusikia mlango. Khadim alikuja kuagiza mazulia yakung'utwe kwa ajili ya wageni, na alichosikia ni sauti ya shemeji yake ikiimba, "Buluu ya pili kavaa Khadim!"

Hakupiga kelele. Alimshika binti nywele, akampiga uso ukutani mara moja, simu ikaanguka. Akaiokota, akaingia nayo ndani alikokuwa Zewar peke yake, akaiweka sakafuni, akachukua chanio la chuma akaipondaponda mpaka vikaruka vipande.

"Uliapa!" alisema. "Ulimwapia kaka yangu! Uliapa kwa Abbas, we mwanamke!"

"Sikumwambia mtu."

"Mkono gani unaowaonyesha wafumaji mistari? Huu?"

Aliubana mkono wa kulia wa Zewar juu ya boriti ya kufumia, akaupiga kwa chanio. Mara tatu. Zewar alisikia vidole viwili vikivunjika, kimoja baada ya kingine, na alishangaa kwamba kichwa chake kilihesabu. Mara ya tatu meno ya chanio yaliingia nyama yakakwama, ikabidi ayang'oe.

"Kesho utakaa nyuma ya pazia," Khadim alisema, "na utapiga vigelegele. La sivyo nitamchoma uso huyu binti yako, na Haji nitamtafutia mwingine."

Akatoka. Na zulia je? Zulia lilikuwa mbele ya macho yake, mkono mmoja tu kutoka puani mwake, buluu yote ile, na hakulitupia jicho. Wanaume wa kule wanajua bei ya zulia, na wanajua kulikanyaga. Kulisoma hawajui.

Sabira alikuja akafunga vidole kwa vipande vya mbao, machozi yakimdondoka. "Ni kosa langu, mama. Ile sheria yangu. Sikubakiza nakala yoyote."

"Sheria yako nzuri, mwanangu," alisema Zewar. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Nakala ipo. Nenda kalete simu nyingine."

Ijumaa baada ya swala wakaja. Wazee watatu, ndugu wawili wa Haji Safdar, na Khadim katika koti jipya. Waliketi kwenye magodoro chini ya zulia lililotandwa ukutani katika kitanda chake cha kufumia, wakaletewa chai ya kijani. Sinia la peremende na lozi lilikaa katikati, limefunikwa kitambaa cha dhahabu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Qambar, aliyeacha vidole vitatu machimboni na hakuacha ukali wake huko.

Alipolinyooshea mkono sinia, Zewar alitoka nyuma ya pazia. Mkono wake ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Wazee wangu, haposwi mtu hapa."

"Samahanini sana," alisema Khadim upesi. "Ameanguka ngazini, homa imempanda kichwani. Shemeji, rudi ndani."

"Ameanguka ngazini," Bakhtawar alidakia kutoka nyuma, "na nyumba yenyewe haina ngazi!"

Ndugu mmoja wa Haji alicheka, akajizuia. Zewar hakungoja. Alijikalisha mahali pake pa mwitaji, akilitazama zulia lililo nyuma ya migongo ya wazee, wakalazimika kugeuka. Bakhtawar na mabinti wakapanda ubaoni. Nekbakht, uso wake umepasuka nyusini, alisimama pembeni ameinua simu ya Sabira.

"Rangi ya mchanga ishirini, barabara ya Kandahar!" Zewar aliita.

Wale watatu waliweka vidole juu ya safu. "Tumeona!"

"Nyeupe nne, gari lao!"

"Tumeona!"

Mstari wa tatu Khadim bado alikuwa akitabasamu kwa aibu, kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Walipofika kwenye buluu tabasamu likamtoka. Walipofika kwenye nyekundu kumi na nne, mzee mmoja alikuwa amefunika uso kwa kilemba chake; alikuwa na mpwa katika wale kumi. Na kwenye meno Khadim aliruka.

"Uongo! Wanawake wamefuma uongo!" Alinyakua chanio lililokuwa sakafuni, akalivamia zulia alichane. Alipata kuing'oa safu moja tu. Bakhtawar alimrukia mgongoni na mabinti wake wakamdaka miguu, wakaanguka wote juu ya sinia, peremende zikatapakaa, na kilipotulia kishindo mkasi wa kukatia sufu ulikuwa umekita chini ya taya la Khadim. Tone la damu lilishuka kwenye kola ya koti jipya.

"Thubutu," alisema Bakhtawar, akihema. "Mimi sina shemeji, sina mlezi, na hasira zangu ni za zamani."

"Lete mkono," alisema Mzee Qambar.

"Mzee, ni mtutu wa bunduki, ulikuwa wa moto..."

"Nimesema lete!" Aliuvuta, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi nimeungua mara nyingi kuliko ulivyokula mkate. Mtutu hauna meno, Khadim. Hapa pana alama ya meno ya juu. Na hapa, upande wa pili, pana ya chini." Aliusukuma ule mkono mpaka mdomoni kwa mwenyewe. "Uma. Uma tuone."

Khadim hakuuma. Haikuhitajika. Njia ya mwongo fupi, ila yake ilikuwa imemfikisha miaka kumi na moja.

Mzee Qambar alisimama, akaisukuma peremende moja kwa ncha ya kiatu. "Zikusanyeni, zirudi kwa Haji na salamu zangu. Binti ni wa mama yake. Ulezi umevuliwa, na sisi watatu ni mashahidi." Akamgeukia Zewar, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Mama Nekbakht. Kuna mstari mwingine?"

Khadim, amelala na mkasi shingoni, alimtazama Zewar. Alijua. Ni wao wawili tu waliojua. Ewaz alikuwa amejificha nyuma ya mabunda ya kiti cha mwisho, na wenye bunduki hawakumwona. Walikuwa wameshapata tisa wao, wameridhika, mmoja ameshashusha mguu ngazini. Ndipo kilio kikatoka ndani ya burka ya buluu, kilio kinene cha kiume, na yule mtu akageuka. Akaanza kurudi. Na Ewaz akainuka pale alipokuwa, mikono juu, akasema, "Ni mimi niliyelia. Muacheni mama yangu." Khadim aliuma mkono baadaye, kilio kilipokwisha kufanya kazi yake.

Zewar aliona miaka yote ile machoni mwa shemeji yake. Alimchukia, na vidole vyake vilipwita kwa ile chuki. Lakini binti alikuwa amepatikana, na kilichobaki kilikuwa cha Ewaz, si cha wazee.

"Hapana, Mzee," alisema. "Safu imekwisha. Kateni uzi."

Bakhtawar alimwachia shingo, akaenda akakata. Khadim akaanza kulia pale sakafuni, kwa sauti ile ile ya kwenye basi, na safari hii hakuna mtu aliyeinuka.